Kabla hujamtia huyo mjusi kwenye ndoo

Juzi kijana mmoja wa Mafinga kanitumia picha, mjusi wa kichwa chekundu kamdaka Pawaga, kule bondeni kwenye joto, juu ya mawe, yuko kwenye ndoo ya lita 20, anauliza "kaka huyu anakula nini, siku ya nne leo hagusi kitu". Mafinga wadau, mwezi wa sita huu! Mi hapa Mbeya tu nalala na blanketi mbili.

Iliniuma manake ule ujinga niliufanya mimi kabla yake. Wangu nilimtoa Mtera, gari lilituharibikia, nikamuona juu ya jiwe mwili wa bluu kichwa kama moto anapiga pushapu, nikamnasa kwa kitanzi cha uzi nikamtia kwenye kopo la rangi. Nikamwita Bosi. Kipindi hicho nilikuwa nakesha na video za Wamarekani wanaofuga Uromastyx, wale mijusi wa Sahara wenye mkia wa miiba, nikajiona mfugaji mkubwa wa kwanza Nyanda za Juu Kusini, nauza mpaka Ulaya (msinicheke, na nyie mna zenu). Kumbe serikali ilishasimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje tangu 2016, na hata kumkamata tu unatakiwa uwe na kibali, sheria ipo toka 2009. Sikuuliza mtu.

Kabati nilichongesha kwa fundi wa makabati ya maandazi pale Mwanjelwa. Kioo pande zote, fremu ya aluminiamu, ndani mchanga na mawe, juu taa nyekundu ya vifaranga. Kwa kabati lile siwezi kujishusha, lilikuwa zuri. Mama mwenye nyumba tu ndo alidhani nimeanza uganga.

Sasa chakula. Uromastyx anakula majani, basi na mimi nikamkatia Bosi mchicha, kila siku mchicha. Huyu wa kwetu anakula wadudu, sisimizi, panzi, senene! Wiki nzima nimemuwekea mboga nikidhani ananuna. Nilipokuja kumletea panzi alishachoka, halafu na baridi, manake Mtera iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari na Mbeya ni 1,700, usiku wa Juni unashuka chini ya nyuzi 10, na mjusi asipopata joto hata akila chakula kinamuozea tumboni. Anahitaji jiwe la kuotea lifike kama nyuzi 40, na upande wa pili pawe na ubaridi kidogo akimbilie. Mimi nilikuwa na taa moja na umeme unaokatika. Ile taa yenyewe joto inatoa ila miale ya UVB, ile ya jua inayomsaidia kujenga mifupa, haina, na jua la dirishani nililokuwa najivunia kioo kinaizuia, hapo mifupa inalainika polepole. Minyoo aliyotoka nayo porini nayo ikapata nafasi, ndivyo ilivyo kwa wa kukamatwa, akiwa na hofu inamlemea. Rangi ikafifia akawa kama ukuta. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo akacheka, akasema yeye anajua ng'ombe na kuku. Nilirudi naye kwenye kopo lile lile la rangi, kwenye daladala, sikuongea na mtu.

Wiki ya sita nikamkuta kakauka chini ya jiwe.

Kwa hiyo mdogo wangu, usimtafutie mchicha wala taa. Mfunike ndoo kwa kitambaa asikuone, mpe maji kwenye kifuniko, kesho asubuhi panda gari umrudishe Pawaga, jiwe lile lile, saa za jua kali, siyo jioni. Na nyie wengine mnaopenda wanyama jamani, kupenda siyo kufungia, mnyama hajakuomba umuokoe na jua lake. Nimesema sana najua, ila mimi nimezika.

Kabati nilimpa mama mwenye nyumba. Lina maandazi sasa hivi, na taa ya vifaranga kaiacha humo humo, anasema yanakaa ya moto mpaka saa nne.