Papa Leo XIV: namba za Kirumi zisomweje kwa Kiswahili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano na sasa wanafundishwa namba za Kirumi. Alikuta kichwa cha habari "Papa Leo XIV", akasoma kwa sauti "Papa Leo kumi na nne". Baba yake akamwambia ni "wa kumi na nne". Mtoto akauliza hiyo "wa" imeandikwa wapi, tukakosa jibu. Nami ni katibu wa kikoba chetu: kwenye muhtasari niandike kikao cha III, cha 3 au cha tatu? La mwisho, mtoto kaandika 99 kuwa IC, akakoseshwa. Mbona C ukitoa I unabaki na 99? (Mama wa mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Baba yake yuko sahihi, ila swali la mtoto ni zuri na anastahili jibu kamili.

Kiswahili huonyesha nafasi ya kitu katika mfuatano kwa kutumia a-unganifu, nayo hufuata ngeli ya nomino: darasa la saba, kidato cha nne, awamu ya sita, mfalme wa tatu. Katika majina ya mapapa na wafalme, mwandishi huiacha hiyo "wa" kwa sababu namba ya Kirumi iliyokaa baada ya jina inatosha kumjulisha msomaji kwamba huyu ni wa ngapi kulitumia jina hilo. Msomaji huirudisha anapotamka. Kwa hiyo Elizabeth II ni "Elizabeth wa Pili", Louis XIV wa Ufaransa ni "Louis wa Kumi na Nne". Ukisema "Leo kumi na nne", sikio la Mswahili linasikia idadi.

Hapa pana mtego ambao hata watangazaji hunaswa nao. Moja na mbili zina maumbo yake katika mfuatano: Yohane Paulo I ni "wa Kwanza", Yohane Paulo II ni "wa Pili". Lakini maumbo hayo hayavuki kumi. Pio XI ni "wa Kumi na Moja", si "wa Kumi na Kwanza". Pio XII ni "wa Kumi na Mbili", si "wa Kumi na Pili". Wala usiseme "wa kumi na wawili" kwa kudhani kwamba kwa kuwa ni mtu, namba lazima ibebe kiambishi cha watu. Wanafunzi kumi na wawili ni idadi. Mwanafunzi wa kumi na mbili ni yule mmoja aliyeshika nafasi hiyo.

Pale ambapo a-unganifu imeshaandikwa, kazi ni nyepesi: "Vita Kuu ya II ya Dunia" husomwa ya Pili, na "Mtaguso Mkuu wa II wa Vatikano", ule wa 1962 hadi 1965, husomwa wa Pili. Namba ikitangulia jina, kama katika vitabu vya Biblia, mdomo huihamisha: I Samweli hutamkwa "Samweli wa Kwanza".

Sasa kikoba chako. Ndani ya sentensi andika "kikao cha tatu", kwa maneno. Kwenye kichwa cha muhtasari "Kikao cha 3" kinatosha. Sikushauri Kirumi, kwa sababu vikao haviishi: mtafika cha XLVIII, na mwanachama anayetafuta uamuzi wa mkopo wake atakwama kwenye kichwa cha karatasi. Kirumi kinafaa mahali penye safu fupi, au panapohitaji kutofautishwa na namba nyingine: kurasa za dibaji, vipengele (i), (ii), (iii) ndani ya swali la mtihani, madaraja ya ufaulu. Angalia matokeo ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani la Tanzania: daraja la I, II, III, IV, kisha 0. Hiyo 0 imetoka kwenye mfumo mwingine, kwa maana Warumi hawakuwa na alama ya sifuri.

Saa za siku usiziandike kwa Kirumi kabisa. Kwenye saa ya ukutani yenye namba za Kirumi, mshale mfupi ukiwa kwenye VII sisi tunasema saa moja. Ukiandika "mkutano saa VII", nusu ya watu watakuja asubuhi na nusu watakuja baada ya adhuhuri.

Nije kwenye 99. Hoja ya mtoto ina mantiki, lakini kanuni inayofundishwa ina mipaka: I hutangulia V na X tu, X hutangulia L na C tu, C hutangulia D na M tu. Mfundishe kuivunja namba kwa thamani ya nafasi kabla ya kuandika. 99 ni 90 na 9, yaani XC na IX, hivyo XCIX. 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, ni 1000, 900, 60 na 1: M, CM, LX, I. Ukiunganisha unapata MCMLXI. Mwambie pia kwamba Warumi wenyewe hawakubanwa hivyo. Juu ya lango mojawapo la Colosseum, mjini Roma, 54 imechongwa LIIII, wakati leo tungeandika LIV. Saa nyingi za ukutani bado huandika IIII badala ya IV.

Mtindo huo wa zamani ndio unaorahisisha hesabu. Chukua XIX + XXIV. Zifungue kwanza, pasiwe na kutoa ndani yake: XVIIII na XXIIII. Kusanya alama zinazofanana: X tatu, V moja, I nane. I tano kati ya hizo nane zinakuwa V, zinabaki tatu. Sasa V ni mbili, zinakuwa X. Una XXXXIII, ambayo ukiifunga ni XLIII, yaani 43. Kutoa ni hivyo hivyo. XLII − XVII: fungua ya kwanza iwe XXXXII, vunja X moja iwe VV, upate XXXVVII. Ondoa X moja, V moja na I mbili, zinabaki XXV.

Mpe mtoto kokoto azipange mezani. Warumi nao walihesabu kwa kokoto juu ya ubao wenye mistari, namba hizi wakazitumia kuandikia jawabu. Kuzidisha kwa Kirumi kwenye karatasi ni mateso, na wafanyabiashara wa Italia walikuwa na sababu ya kuzipokea tarakimu tunazotumia leo, zilizoanzia India na kuwafikia kupitia Waarabu, baada ya Leonardo wa Pisa kuzieleza katika kitabu chake cha mwaka 1202. Kwa hiyo mwalimu akitoa zoezi la XXIV × XVII, mtoto aibadili iwe 24 × 17, apate 408, kisha aandike CDVIII.