Maswali ya Karakana: Jong ya Wing Chun

Jong ni gogo lenye mikono mitatu na mguu mmoja, ambalo wanafunzi wa Wing Chun, kungfu ya kusini mwa China, hulifanyia mazoezi. Kikantoni huitwa muk yan jong, yaani nguzo ya mtu wa mti. Maswali matatu tumeyachagua.

Nilinunua gogo bichi la mkaratusi, nene inchi 9. Wiki ya tatu likapasuka toka juu hadi chini. Nimekosea wapi? – Msomaji, Mafinga

Gogo zima lenye kiini likikauka lazima lipasuke, kwa sababu mti husinyaa zaidi kufuata mzunguko kuliko kuelekea kiini. Mkaratusi ndio mbaya zaidi: husinyaa sana, tena hujipinda. Msaji (mtiki) ni mtulivu.

Ukipata gogo jingine, paka nta au rangi nzito ncha zote mbili siku hiyo hiyo, maana maji hutoka upesi kupitia ncha. Lilaze kivulini juu ya vipande vya mbao, upepo upite chini. Kisha pasua mfuo wa msumeno upande wa nyuma, urefu wote, ukaribie kiini. Ufa utafunguka hapo, pasipopigwa. Kukausha huchukua kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo wengi hawasubiri. Badala yake, gundisha mbao tano kavu za inchi 2. Zikipigwa randa zinabaki kama sm 4.5 kila moja, na tano zinakupa sm 22.5, kipimo cha kawaida cha jong. Zikiwa za msaji, zifute kwa spiriti kabla tu ya gundi, kwani mafuta yake huizuia isishike.

Gogo ulilonalo usilitupe. Ligeuze ufa uwe nyuma, wala usiuzibe kwa gundi: mvua zikija mti hujaa, na kilichozibwa kitasukuma ufa mpya mahali pengine.

Mikono ya juu inagongana ndani ya gogo. Na mmoja umekatika shingoni baada ya wiki mbili. – Msomaji, Nairobi

Mashimo yako uliyatoboa usawa mmoja. Mikono ya juu hupishana ndani ya gogo, kwa hiyo shimo moja hukaa juu ya jingine. Kwa ulimi (sehemu ya mkono inayopita ndani ya gogo) wa sm 4 kwa 4, vituo vya mashimo viachane sm 4 au zaidi kidogo. Utauliza: basi mkono mmoja si utakuwa juu ya mwenzake? Ndiyo maana ulimi haukatwi katikati ya mkono bali pembeni. Chonga mikono miwili inayofanana, mmoja uupindue, na ncha zitakaribiana usawa wa bega lako. Kati ya ncha na ncha acha sm 20 hadi 23. Sehemu inayotokeza mbele iwe kama sm 30, nayo ipungue unene kuelekea nchani.

Usitoboe toka upande mmoja. Chora mistari mbele na nyuma kwa timazi, toboa pande zote mbili mkutane katikati, ndipo umalizie kwa patasi. Shimo lizidi ulimi milimita 2 hadi 3. Fundi seremala mzuri atakataa, atasema kiungo kinacheza. Mwambie ndivyo kinavyotakiwa. Mkono uliobana haukujibu, na kila pigo linapasua gogo. Ukisikia mlio mkavu wa mbao kugongana, umepatia.

Kukatika shingoni kuna sababu mbili: kona kali pale ulimi unapoanza, na nyuzi zinazokatiza mkono kwa mshazari. Kona ilainishe kwa tupa. Nyuzi zinyooke toka ncha hadi ncha. Ubao wa kupasuliwa kwa shoka ni salama kuliko wa msumeno. Nyuma ya tundu la kigingi kinachozuia ulimi usichomoke, bakiza sm 3 za mti, la sivyo kigingi kitang'oa mkia wa ulimi.

Naishi ghorofa ya tatu. Nifungeje? – Msomaji, Mombasa

Foshan, mji wa kusini mwa China, jong ilichimbiwa ardhini. Ip Man, mwalimu maarufu wa Wing Chun, alipohamia Hong Kong kwenye nyumba za ghorofa, ikaning'inizwa kwa mapao mawili yanayopita ndani ya gogo, na mtindo huo umeenea. Tumia mapao ya sm 5 kwa 2.5, ya mti unaonepa, yenye nyuzi ndefu bila fundo. Yakiwa manene, jong itakuwa ukuta. Gogo liteleze kidogo kulia na kushoto juu yake. Fremu ifunge kwa bolti kwenye nguzo ya zege, si kwenye matofali matupu, na weka mpira kati ya fremu na zege ili jirani alale.

Vanishi usipake mikononi: jasho huifanya iteleze, kisha humenyuka. Mafuta ya kitani mara mbili, ukifuta yaliyobaki juu, yanatosha.