Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa ushauri wa wanafunzi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea baba yako. Unasema umekabidhiwa kazi ya kuwashauri wanaomaliza sekondari kuhusu vyuo na kazi, na unauliza: uwahimize wafuate wanachokipenda, au uwaelekeze kwenye kozi zenye ajira?

Nitakujibu, ila kwanza nikuulize mimi: nani atakaa nao wakati wa kujaza fomu?

Unamkumbuka yule dada aliyekuwa akija kumfundisha mdogo wako hesabu wakati wa likizo, mwenye mwandiko mzuri mzuri? Mwaka ule alitakiwa awe chuoni. Alikuwa amechaguliwa. Siku moja akafungua bahasha yake mezani kwetu akitafuta karatasi ya kuchorea pembetatu, nikaiona fomu ya kuombea ufadhili, haijapelekwa. Kila kitu kimejazwa isipokuwa kisanduku kimoja: mapato ya mzazi kwa mwaka. Pale alikuwa ameandika kwa penseli akafuta, akaandika tena akafuta, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Baba yake alikuwa kibarua. Leo anapata, kesho hapati. Mtoto aliogopa kuandika uongo, akaogopa kuuliza, tarehe ikapita. Na shuleni kwao ukuta mzima ulijaa vipeperushi vya vyuo!

Mpaka leo nikikumbuka naumia. Mtoto anayepasua mitihani, akwamishwe na kisanduku cha upana wa kidole! Msimu uliofuata tulimwita baba yake, tukakaa wote, tukahesabu siku anazopata kazi kwa wiki, tukazidisha, tukaambatanisha barua ya maelezo. Akapata. Ungemwona yule mzee alivyocheka.

Kwa hiyo kaa nao, mwanangu. Si maneno ya mama tu. Kule Marekani, katika majimbo ya Ohio na North Carolina, watafiti walilipima jambo hili mwaka 2008. Familia za kipato cha chini zilizokwenda kuandaliwa hesabu za kodi, baadhi zilisaidiwa palepale kujaza fomu ya kuombea msaada wa masomo; nyingine zikapewa maelezo peke yake; na nyingine hazikupata msaada huo wala maelezo hayo. Kwa watoto waliokuwa wanamaliza sekondari, waliofikisha miaka miwili chuoni ni asilimia 36 kati ya waliosaidiwa kujaza, na 28 kati ya wasiosaidiwa. Waliopewa maelezo peke yake hawakuonyesha tofauti ya maana na wale wasiosaidiwa.

Najua utasema, mama, wanafunzi ni wengi na mimi ni mmoja. Hata mimi najiuliza: mtoto akishikwa mkono kila hatua, atasimama lini mwenyewe? Fomu ni yake, na maisha ni yake. Labda nazidisha. Lakini hapana, mbona mtu mzima mwenye mali zake humlipa mhasibu amjazie fomu za kodi, na hakuna anayesema amedekezwa? Kaa nao. Anza na wale ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufika chuo, maana hao hawana wa kumuuliza jioni. Na usingoje mwaka wa mwisho. Anayetaka uhandisi na anataka kuacha fizikia, aonyeshwe sifa za kujiunga kabla hajaiacha. Barua ya kuchaguliwa ikishafika pia, usimwachie. Wapo wanaopotelea hapo katikati, kabla ya siku ya kuripoti, kwa sababu ya ada ya awali au cheti kimoja kisichoonekana.

Sasa swali lako. Nadhani umeliuliza kwa ajili ya yule kijana unayesema anaongoza kwa hisabati lakini moyo wake uko kwenye useremala. Jibu ninalo, limenijaa mdomoni, na baba yako ananitazama hapa nisiliandike. Haya, siandiki, kwa kuwa kijana mwenyewe sijamwona. Muulize kama amewahi kushinda karakanani kutwa nzima, siku ya kazi nyingi, na kama amewahi kumwona mtu anayeishi kwa hesabu akiwa kazini. Akikujibu, niandikie alivyosema, neno kwa neno. Hapo nami nitasema langu.

Mama yako