Jedwali halipangwi kwa macho

Swali: Mwalimu, ripoti yangu ya samaki wanaopakuliwa Malindi ina jedwali la kurasa saba. Nimeandika vichwa vya safu upya juu ya kila ukurasa, lakini nikiongeza mstari mmoja tu, vyote vinahama. Nitaanza tena mara ngapi?

Jibu: Vifute vyote, ubaki na vile vya juu kabisa. Katika Word, chagua mstari huo wa kwanza, fungua sifa za jedwali, kisha weka alama penye agizo la kuurudia mstari huo juu ya kila ukurasa; papo hapo ondoa ile alama inayoruhusu mstari kukatika baina ya kurasa mbili. Vichwa vikikataa kujirudia, tazama kama jedwali limeruhusiwa kuzungukwa na maandishi, au kama umelikata mwenyewe kwa kubandika mwisho wa ukurasa katikati yake, kwani yote mawili huzuia agizo hilo. Wanaotumia LaTeX, programu ya kupanga maandishi kwa amri, wana longtable, yaani jedwali linaloendelea kurasa kadhaa, na vichwa huandikwa kabla ya amri ya \endhead.

Hukuniuliza kuhusu tarakimu, lakini jedwali ulilonitumia siwezi kulinyamazia. Nguru umeandika kilo 1,250, tasi kilo 98.5, na zote mbili umezikalisha katikati ya safu, hata jicho linaziona kama zinakaribiana. Tarakimu huegemezwa kulia, desimali zikawa za idadi moja kutoka juu hadi chini, yaani 1,250.0 na 98.5, na neno "kilo" likaandikwa mara moja tu, kichwani.

Swali: Kupanga safu, bora spesi au tabu?

Jibu: Hakuna kilicho bora hapo. Tengeneza jedwali. Swali hili huletwa kila mara, na jibu ni lile lile.

Swali: Nina picha 300 za nyumba za kale za Lamu kwa ripoti ya ukarabati. Kwa nini picha ya 10 inatangulia ya 2?

Jibu: Kwa sababu programu nyingi husoma jina herufi kwa herufi kutoka kushoto, na 1 hutangulia 2. Andika 002 na 010. Tarehe ianze na mwaka, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka, ili faili zijipange zenyewe: langoni_007_zidaka_2024-03-07. Usiache nafasi ndani ya jina, wala usitumie ile alama ya ng', maana baadhi ya programu hukwama hapo. Picha asili zikae katika folda yake zisiguswe, na ulizopunguza ukubwa ziwe katika nyingine. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Fundi atakayeitwa siku za usoni kurejesha zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizoporomoka ataitegemea picha hiyo, na jina "IMG_4471" halitamwambia ni nyumba gani wala ukuta upi.

Swali: Jedwali langu lina safu 14, halienei kwenye A4. Nimepunguza herufi hadi saizi ya 6.

Jibu: Zirudishe hadi 9, mzee wa kamati naye ana haki ya kusoma. Ligawe jedwali vipande viwili, safu ya majina ijirudie katika kila kimoja. Ikishindikana, laza ukurasa huo upate upana wa milimita 297 badala ya 210, lakini weka mgawanyo wa sehemu (section break) kabla na baada yake, ama sivyo ripoti nzima italala.

Swali: Tuko watatu kwenye ripoti moja, na tuna "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kabisa 2". Tushike ipi?

Jibu: Linganisheni zote tatu leo, mtoe moja iitwe v01, na neno "mwisho" lisiwemo tena katika jina la faili yoyote. Niliwahi kuwa katika ofisi moja ambako vipimo vya boriti vilisahihishwa katika nakala hii, ikachapishwa ile, na fundi akaletewa boriti fupi kuliko chumba. Mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kupandisha namba, na nakala iliyopitwa ihamishwe siku hiyo hiyo. Msiandike "jedwali lililo hapo chini", maana kesho litakuwa juu. Namba na marejeo iachieni programu, na kabla ya kumpelekea mpiga chapa, chagueni maandishi yote kwa Ctrl+A, mbonyeze F9 (katika Word) ili namba zisasishwe, kisha mpitie kila rejeo kwa kidole.