Mlioniuliza kuhusu kiwanda cha risasi, majibu ni haya

Ndugu zangu, tangu niseme nafanya kazi kwenye kiwanda cha risasi za shotigani huku Marekani, maswali hayaishi. Wengine mnauliza kama ni kazi ya jeshi, wengine kama siku moja hatutalipuka wote, na wadogo zangu wawili wanataka niwatafutie nafasi. Najibu bila kupamba.

Jeshi halimo. Wateja wetu wakubwa ni wawindaji wa ndege na wale wanaolenga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Risasi ya shotigani ni ganda la plastiki lililojaa gololi. Plastiki inatoka mashineni ikiwa mrija mrefu, inakatwa vipande, kila kipande kinavalishwa kitako cha chuma kilichopakwa shaba ya njano, na katikati ya kitako inashindiliwa fataki, yaani kile kidude kinachowasha baruti. Maganda ya geji 20 ni ya njano, na rangi hiyo haichezewi. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwenye bunduki ya geji 12 inateleza na kukwama ndani ya mtutu; mwenye bunduki akitia nyingine nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mikononi mwake. Ganda moja la njano likionekana kwenye laini (msururu wa mashine) isiyo yake, laini inasimama mpaka ijulikane limetoka wapi.

Gololi ndizo napenda kuzitazama. Madini ya risasi huyeyushwa pamoja na madini mengine yaitwayo antimoni ili yawe magumu, kisha hudondoshwa kupitia sinia lenye matundu. Zamani matone yaliangushwa toka juu ya mnara, yanajiviringa yenyewe hewani na kupoa majini. William Watts wa Bristol ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya ufundi huo mwaka 1782. Siku hizi viwanda vingi vinayaangusha kimo kifupi tu ndani ya maji ya moto. Baada ya hapo gololi zinateremshwa kwenye mabamba yaliyoinama, yenye nyufa. Iliyo duara sawasawa inashika kasi na kuruka ufa. Yenye kilema inajikokota, inatumbukia, inarudishwa kuyeyushwa.

Mashine ya kujaza inatia baruti, inasukumia kikombe cha plastiki, inamimina gololi ndani yake, halafu inakunja mdomo wa ganda mikunjo sita au minane kama nyota. Mimi nipo hapo mwisho. Mkunjo ulioacha tundu katikati nautoa, maana gololi zitavuja. Lakini kosa linalotukosesha usingizi ni risasi iliyokosa baruti: fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kikombe hadi katikati ya mtutu, kinabaki pale, na mpigaji hajui. Ndiyo maana kuna mizani na vihisio kila hatua, na kila shehena tunachukua chache za kufyatua kwenye mtutu wa majaribio kupima shinikizo na mwendo, ambao huwa karibu mita 400 kwa sekunde.

Kulipuka? Baruti inahifadhiwa mbali, inaletwa kidogo kidogo, nguo zetu ni za pamba, viatu haviruhusu cheche, na simu zinabaki getini. Nimezoea.

Nisichokizoea ni vumbi la yale madini ya risasi. Halina harufu wala haliwashi. Sheria inataka lisizidi mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8, na tunapimwa damu. Ukifika mikrogramu 60 za madini hayo kwa kila desilita ya damu unaondolewa kwenye laini mpaka ushuke chini ya 40, na mshahara hauguswi hadi miezi 18. Humezi hata pipi mle ndani. Zamu ikiisha unavua kila kitu, unaoga, unavaa za nyumbani chumba kingine, kwa sababu vumbi hilo likifika kwa mtoto linaharibu ubongo. Kuna wanaoruka kuoga ili wawahi basi. Siwaelewi.

Pesa: tunalipwa kwa saa, na zikizidi 40 kwa wiki kila saa ya ziada ni mara moja na nusu. Kabla ya msimu wa uwindaji tunazipata hadi tunachoka. Msimu ukipita saa zinakatwa, na hapo ndipo mnaponiona nachelewa kujibu mkiomba hela. Sijawakimbia.

Kwa wadogo zangu: mkifika, ombeni laini ya gololi za chuma. Tangu 1991 huku ni marufuku kuwinda bata kwa gololi za madini ya risasi, kwa kuwa ndege walikuwa wakizimeza wakila madimbwini na kufa, kwa hiyo kazi ya chuma ipo. Ina makelele, chukueni vizibo vya masikio. Na wewe unayepanga kupata mtoto, wakikupangia chumba cha kuyeyushia kataa, hata wakiongeza dau. Madini hayo yanapita kwa mama hadi kwa mtoto tumboni.