"Machokoraa yalilala": kata alama

Mwalimu mmoja wa Nakuru ameniuliza: neno chokoraa lina maana gani, na limetoka wapi? Mwanafunzi wake wa darasa la sita ameandika katika insha, "Machokoraa yalilala nje ya duka." Je, amkate alama?

Asili kwanza, kwa ufupi. Kitenzi chokora ni kudungadunga na kupekua ndani ya kitu kwa ncha ya kijiti au kisu. Ni ndugu wa chokoa, tunachofanyia meno, na wa chokonoa. Nomino chokora, kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, ilikuwa mtu mdogo aliyeambatana na nyumba ya mkubwa, mtoto wa kutumwatumwa jikoni. Nairobi ikalivuta mwishoni, chokoraa, ikampa mtoto asiye na makao anayechokora mapipa ya taka akitafuta cha kula au cha kuuza. Chokora wa kale alikuwa mnyonge, lakini jioni alikuwa na mlango wa kuingia.

Sasa alama. Kata, mwalimu, tena bila huruma.

"Machokoraa yalilala." Nimeyasikia haya redioni, nimeyasikia kwenye matatu, nimeyasikia kwa wakubwa wanaoahidi kusafisha mji: machokoraa yamezidi, machokoraa yaondolewe. Kiswahili humpatanisha kila mtu, mnyama na mdudu kwa a- na wa-, hata jina lake likianza na ma-. Madaktari wamegoma. Makarani wamechelewa. Majambazi wamevunja duka. Naam, mwenye bunduki tumempa wa- yake na hakuna aliyelalamika. Mbwa wanabweka. Kunguni wamejaa kitandani. Kunguni! Mdudu anayetunyonya damu usiku kucha tunamheshimu kwa wa-, halafu mtoto wa miaka tisa aliyejikunyata juu ya katoni tunamtupia ya-, ile ya matope, ya magari, ya mapipa yale yale anayoyachokora.

Wapo watakaonijibu kwamba huo ni ukubwa, kama jitu lile na majitu yale. Kanuni hiyo naijua. Ukubwa hukuza, au hubeza. Mtoto huyu hana kilichokuzwa kwake, hata shati lake ni la kuokota. Inabaki kubeza, basi anayesema "machokoraa yale" akiri kwamba amekusudia kubeza. Mwanafunzi wako hakukusudia. Ameyapokea kwa watu wazima kama alivyopokea salamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Utauliza kama ni afadhali kusema watoto wa mitaani, kama wasemavyo wengi Tanzania. Nalivumilia, ingawa mtaani ndiko tunakoishi sote. Mtaa wa huko una mwenyekiti na ofisi, na mwanao akicheza nje ya nyumba yako ni mtoto wa mtaani pia. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, husema maibobo, nalo lina makali yake. Mimi husema watoto wanaolala nje. Ni refu kidogo, lakini linataja shida na kumwacha mtoto akiwa mtoto.

Mrudishie daftari lake, mwalimu. Futa ya-, andika walilala. Kisha muulize aliwaona wangapi. Akisema watatu, mpe kalamu aandike upya: "Watoto watatu walilala nje ya duka."