Usitume pesa kabla mtu wako hajaushika mzigo

Usitume hiyo pesa. Nimelisoma swali lako mara mbili: umepata duka la mtandaoni la Dar es Salaam linalouza nguo za watoto kwa nusu ya bei ya soko letu la Ngamiani hapa Tanga, zimebaki siku kumi na mbili kufika Idi, muuzaji anataka alipwe yote ndipo apakie mzigo kwenye basi la kuja Tanga, nawe unauliza kama ni salama, utajuaje saizi za watoto wa dada yako, kama kuagiza China kungekuwa nafuu zaidi, na namna ya kuzifunga zawadi zikapendeza. Nianze na hilo la usalama, kwa sababu mwaka juzi nilisimama hapo hapo uliposimama wewe, na nikatuma.

Sisi tumezaliwa watano, na kila Idi el-Fitri watoto wetu wote hukusanyika kwa mama yetu Pangani. Mwaka ule tuliamua kuchanga ili watoto wavae nguo zinazofanana, na mimi ninayeishi Tanga mjini nikakabidhiwa fedha ya wote. Niliagiza kanzu tano za wavulana kwa 22,000 kila moja, magauni manne ya wasichana kwa 28,000, baibui la mama la 65,000 na jozi tisa za viatu kwa 15,000. Pamoja na 15,000 za usafiri, jumla ikawa 437,000. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijaingiza namba ya siri lilikuwa la mwanamume, ilhali duka lilijiita kwa jina la kike na aliyekuwa akinijibu siku zote nilimwita dada naye akaitika. Nililiona jina hilo, nikalisoma, nikabonyeza.

Siku ya pili yake nilitumiwa picha ya risiti ya mzigo. Ilikuwa ya basi ambalo nimelipanda miaka mingi, ina muhuri wa wino wa zambarau, jina langu limeandikwa kwa kalamu, na mahali pa kueleza kilichomo pameandikwa "nguo". Moyo wangu ukatulia kabisa. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu na wewe utatumiwa picha kama hiyo. Picha ya risiti inathibitisha jambo moja tu, kwamba mtu fulani aliwahi kuwa na karatasi.

Nilifika stendi ya Kange saa tisa alasiri, nina swaumu, nikampa mhudumu wa mizigo simu yangu. Alifungua daftari lake kubwa, akateremsha kidole mstari baada ya mstari mpaka chini ya ukurasa, akarudi juu akaanza upya, kisha akaikuza ile picha kwa vidole viwili na kuniambia kwa upole, "Mama, risiti hii ni ya kitabu cha zamani. Hivi vya kijani tuliacha kuvitumia tangu mwaka jana." Akanionyesha kitabu kilichokuwa mezani pake. Kilikuwa cha njano.

Kosa lililoniumiza kuliko yote lilikuja baada ya hapo. Nilimpigia muuzaji, akapokea mara moja, akasema kwa sauti ya utulivu kwamba mzigo umezuiliwa Dar es Salaam kwa kuwa umezidi uzito, ofisi ya basi inadai dhamana ya 85,000, na nitarudishiwa fedha hiyo nikishaupokea. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye meza ya mtu aliyekwisha kuniambia ukweli, na bado nilituma. Sababu naijua: niliwaogopa ndugu zangu kuliko nilivyomwogopa tapeli. Nilitaka mno nisilazimike kupiga simu Muheza na Korogwe kusema fedha imepotea, na yule mtu alikuwa akiniuzia saa chache zaidi za kutosema. Ndiyo maana nakuambia kwamba malipo ya kwanza ni mlango tu. Ukishalipa mara moja, kila utakachoombwa baadaye utakiona ni kidogo ukilinganisha na kile ulichokwisha kutoa, nawe utatoa.

Kabla ya futari nilikuwa nimeshazuiwa hata kuliona duka lenyewe. Jumla ni 522,000. Kampuni ya simu ilinieleza kwamba fedha ilikwisha kutolewa kwa wakala, polisi wakanipa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu, na namba ya simu ya yule tapeli nikaituma kwenda 15040, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hupokea taarifa za namba za matapeli. Yakikufika fanya vivyo hivyo, maana laini ikifungwa wengine watapona, lakini usiweke matumaini ya kurudishiwa. Usiku wa mkesha niliingia Ngamiani na fedha ya mkopo wa kikoba, nikanunua kanzu tano za mwisho zilizokuwa zimening'inia, mbili kati yake fupi, na asubuhi nilimtazama mtoto wa kaka yangu akienda kuswali Idi huku akiivuta kanzu yake chini kwa mikono miwili ili ifike vifundoni.

Tapeli kazi yake ni kutapeli. Ninayemkasirikia mpaka leo ni rafiki yangu wa miaka mingi aliyeniletea duka lile, akaniapia kwamba ni waaminifu sana na kwamba wana wafuasi wengi. Sikumuuliza swali moja lililotosha kuniokoa: wewe ulinunua nini kwao? Nilipomuuliza baada ya sikukuu, alinijibu kwamba hakuwahi kununua hata leso, alikuwa akizipenda picha tu. Mtu anayemdhamini muuzaji ambaye hajawahi kupokea kitu kutoka kwake anacheza na fedha ya watoto wa watu, nami nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Naona humu pia kuna wawili waliokuandikia "duka zuri hilo, agiza tu". Waulize walinunua nini, lini, na mzigo waliupokelea wapi. Zile shukrani zilizojaa chini ya picha nazo usizitegemee. Nilipozisoma upya kwa simu ya mwanangu, nikiwa nimetulia, nilikuta majina yale yale saba yakishukuru mwaka mzima.

Kwa hiyo sasa sinunui mbuzi kwenye gunia. Fedha yangu haitoki mpaka mtu wangu aushike mzigo kwa mikono yake. Tuna kijana wetu anayesoma Dar es Salaam. Muuzaji akiwa na duka Kariakoo, kijana huenda dukani, na asiyekuwa na duka humpelekea mzigo kwa bodaboda. Nauli hiyo naitoa mimi hata nisiponunua, kwa kuwa wauzaji nao huteswa na wateja wanaoagiza kisha wakazima simu. Kijana hufungua mfuko, huhesabu, huvuta mishono, huangalia kama viatu ni jozi kweli, kisha hunipigia simu ya video. Hapo ndipo ninapolipa, kwa lipa namba ya biashara, na jina linalotokea lisipofanana na la duka naacha. Baada ya hapo ni yeye, wala si muuzaji, anayeupeleka mzigo stendi ya Magufuli kule Mbezi, anayesimama mpaka uandikwe, na anayenitajia namba ya basi na saa lilipoondoka. Basi la asubuhi likipita Chalinze na Segera salama, mchana nipo Kange nasubiri. Idi mbili zimepita kwa utaratibu huu, na hakuna hata soksi iliyopotea.

Muuzaji wa kweli hachukii kukaguliwa. Wapo akina mama wengi wanaouza kutoka majumbani mwao kwa uaminifu mkubwa, na kila niliyemwambia kwamba mtu wangu atakuja kuangalia alinijibu njoo. Tapeli atakuambia ghala haliruhusu wateja, bosi amesafiri, au kuna mwingine anautaka mzigo huo huo saa hii hii. Kumi la mwisho ndilo analolingoja, kwa sababu anajua mwezi unaweza kuandama siku ya 29 na wewe huna muda wa kubishana. Kuhusu China, njia ya meli peke yake huchukua zaidi ya mwezi, kwa hiyo kwa Idi hii wazo hilo liweke kando.

Kama huna ndugu Dar es Salaam, niandikie, kijana wetu atakwenda kwa niaba yako, utamlipia nauli tu. Lakini kwanza mwandikie muuzaji huyo usiku huu kwamba kesho saa nne asubuhi kuna mtu atakuja kuuona mzigo, akiupenda utalipa hapo hapo, kisha urudi hapa utuambie amekujibu nini.